Kidude cha Nne Mkononi mwa Fundi Karatasi

Jumatatu, 9 Oktoba

Inatangazwa kwa walio hai na waliotangulia: kesho saa nne asubuhi, mkono wa Maeng Du-sik, fundi karatasi mstaafu, miaka sabini na minane, utapokea kidude cha nne. Mashahidi watakuwa muuguzi mmoja na kalenda ya ukutani. Hakutakuwa na hotuba.

Kidude ni kipima sukari. Cheupe, cha duara, ukubwa wa kifuniko cha chupa, chenye kiuzi kama unywele kinachoingia chini ya ngozi. Kinakaa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, siku kumi na tano. Kila baada ya dakika chache kinapeleka namba kwenye simu yangu, na simu yangu inazipeleka kwa binti yangu Yeonju, huko mjini Suwon. Yaani sukari yangu inasafiri kuliko mimi.

Vitatu vilivyotangulia: cha kwanza kilifariki siku ya tano, kimenaswa na mkono wa sweta. Cha pili siku ya tatu, bafuni. Cha tatu siku ya sita, usingizini. Nilikikuta kimejibandika kwenye mto. Kwa mujibu wa simu, mto ulikuwa na sukari ya chini sana.

Yeonju amepiga simu. Hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Amesema hiki cha nne kikianguka kabla ya siku zake, anakuja na gari kunichukua. Nitakaa kwake majira yote ya baridi, ghorofa ya kumi na saba. Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sababu nilikuwa natafuna.

Ghorofa ya kumi na saba haina mlango wa karatasi hata mmoja. Mlango wake unafunguka kwa namba. Namba tena!

Hapa nina milango minne ya vijiti na karatasi ya gome la mforosadi. Kila vuli, siku ya jua kavu, mimi na Mama Yeonju tuliing'oa, tukailowesha, tukabandua karatasi ya mwaka uliopita na kubandika mpya. Karibu na kishikio, mahali vidole vinapotoboa mapema, yeye alilaza maua ya manjano ya uani kati ya karatasi mbili. Asubuhi jua likipanda, maua yale yaliwaka mlangoni kabla hujafumbua jicho la pili. Ametangulia miaka sita sasa. Nimebandika mara sita peke yangu. Ya saba hainipiti.

Mpango wa leo: ukuta kwanza. Fundi habandiki juu ya vumbi. Nimekwenda bafu la umma nikamwomba msuguaji ashughulikie mkono wangu wa kulia tu, kwa kile kitambaa cha kijani, mara tatu ya kawaida. Akauliza kama nina ugomvi na mkono huo. Vikatoka vijiviringo vya kijivu ambavyo nadhani nilikuwa navyo tangu harusi. Mwishoni akanipaka maziwa, kama ilivyo ada. Mkono unang'aa. Ukuta uko tayari.

Jumanne, 10 Oktoba

Zahanati. Muuguzi Bang ameutazama mkono wa kulia kwa muda mrefu. Akaniuliza nimeanguka kwenye lami au nimeburutwa. Nikamweleza habari ya ukuta na vumbi. Akasema mkono umekuwa kama figili iliyomenywa, tena figili iliyopakwa mafuta, na hapo hata inzi angeteleza. Akabandika kidude mkono wa kushoto.

Baada ya hapo alitoa maelezo marefu. Sikuyasikia vizuri. Nyuma ya kichwa chake karatasi ya ukutani imeachana kwenye maungio, upana wa punje ya mchele, na aliyeibandika hakungoja chokaa ikauke. Nilikuwa nawaza ni nani. Alipomaliza nikaitikia kwa kichwa mara mbili. Akanipa boksi na karatasi ya maandishi madogo.

Mlangoni nikakutana na Pyo. Pyo ni jirani yangu, fundi vigae mstaafu. Naye ana sukari, naye ana kidude. Kidude chake hakijawahi kuanguka. Ameninong'oneza hivyo bila kuulizwa.

Kuhusu Pyo kuna mambo mawili. La kwanza: alizaliwa Desemba, mimi Julai iliyofuata. Miezi saba. Lakini mwaka ni mwingine, kwa hiyo kwetu huku ana haki ya kuitwa kaka. Anaidai haki hiyo mwaka wa arobaini sasa. Sijampa. La pili: Januari iliyopita sukari yangu ilishuka nikalala barazani juu ya barafu, na aliyenikuta ni yeye. Yeonju hajaisahau siku ile. Pyo naye hajaisahau. Mimi ndiye pekee ninayejitahidi.

Jumatano, 11 Oktoba

Siku ya kwanza imetimia. Ukingo mmoja wa kidude umeinuka, upana wa unywele. Nimeuona kwa vioo viwili na kijiko.

Ndani ya boksi nimekuta pakiti ya vitambaa vitano vya duara, rangi ya ngozi, gundi upande mmoja. Kitambaa kizuri, kinanyumbuka, ukingo wa mviringo. Aliyevikata anajua kazi. Pembe kali huinuka kwanza, hata kwenye dari. Lakini kila kimoja kina tundu katikati. Kasoro ya kiwanda.

Wavu wa dirisha la jiko ulikuwa na matundu matatu. Nimeyaziba. Kwa sababu ya ile kasoro ilibidi niweke viwili tundu moja, kimoja kikifunika kasoro ya mwenzake, na vyote vitano vimekwisha. Tundu la tatu ni dogo, limepata kimoja, na kasoro yake nimeiziba kwa punje za wali.

Karatasi ya maandishi madogo nimeiweka chini ya mguu wa meza. Meza imetulia.

Ijumaa, 13 Oktoba

Aibu, na maumivu.

Ukingo umeinuka tena. Nikachukua kibandiko cha maumivu, kile kipana cha mgongo chenye harufu ya minti inayotoa machozi, nikakibandika juu ya kidude na mkono mzima. Kwa saa moja nilihisi mkono wa kushoto uko kwenye theluji na mimi niko jikoni. Halafu theluji ikashika moto.

Nikakibandua. Nilikivuta kama kijana, moja kwa moja, badala ya polepole, sambamba na ukuta. Kikaja na ngozi. Kipande cha ukubwa wa jani la chai, chembamba, chenye kupitisha nuru. Nikakiinua dirishani. Kabisa karatasi ya mforosadi, ile nyembamba ya daraja la kwanza.

Kidude kimebaki, kwa upande mmoja.

Nilikaa barazani muda mrefu kipande kile kikiwa kidoleni. Nilibana ngozi ya mkono, nikaiachia, ikabaki imesimama kama zizi la pazia, kisha ikalala taratibu, bila haraka, kama mtu anayekumbuka jambo. Miaka hamsini nimeingia nyumba za watu nikigonga kuta kwa kifundo cha kidole na kuwaambia: gundi haina kosa, ukuta wenu umezeeka. Nyumba kama mia nne. Wengine walinikasirikia. Leo nimegonga mkono wangu. Nimesikia mlio ule ule.

Jua la alasiri lilikuwa likipita kwenye milango. Maua ya mwaka jana yamefifia, yamekuwa rangi ya chai. Nikasinzia. Nikaota nimesimama mlangoni, kumbe mimi ndiye mlango, na mtu anapita mkono juu yangu kutafuta mahali palipotoboka. Nilitaka kumwambia ni kushoto, juu kidogo. Mlango hausemi.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimeamka na mpango wa akiba. Mkubwa!

Yeonju hawezi kunitoa kwenye nyumba isiyo na milango. Hakuna mtu mwenye akili anayeiacha nyumba wazi kuingia majira ya baridi. Kwa hiyo leo nimeing'oa yote minne, nimeilowesha, nimeibandua karatasi. Sasa ni vijiti vitupu vilivyoegemea ukuta. Kidude kikianguka kesho, nitasema samahani binti yangu, fundi yuko katikati ya kazi. Na kazi naweza kuiendesha polepole mpaka machipuko.

Usiku unaingia ndani moja kwa moja. Nimelala na mablanketi matatu.

Jumapili, 15 Oktoba

Alfajiri ukungu uliingia chumbani bila hodi. Ulikaa miguuni pangu, mweupe, wenye adabu. Nilidhani ni mtu ninayemjua. Nikausogezea mto.

Baada ya chai amekuja Pyo. Ametazama fremu tupu, akanitazama mimi na blanketi langu. Akauliza kama nauza nyumba kwa vipande. Kisha akakunja mkono wa shati, polepole, kama mtu anayefunua sanamu. Siku ya tisa ya kidude chake. Kimelala bapa. Kimezungukwa na kitu cha rangi ya ngozi, safi, bila kikunjo. Akakifunika kabla sijakichunguza.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, anatumia nini. Silikoni ya vigae?

"Uliza vizuri," akasema. "Sema: kaka Pyo, naomba unisaidie."

Nikamwambia miezi saba si ukubwa, ni foleni tu.

"Basi kaa na karatasi zako, mdogo wangu. Mimi nilibandika vigae vya bwawa la kuogelea, maji juu, watoto wanaruka, miaka thelathini hakijatoka kimoja. Wewe kazi yako ilikuwa ikipata mvuke wa supu inalia."

Karatasi zangu hazijawahi kulia. Isipokuwa nyumba moja, na pale bomba lilipasuka. Nimekaa nikifikiria majibu mazuri sana mpaka saa kumi. Alikuwa ameshaondoka saa tatu.

Jumanne, 17 Oktoba

Jana sikuandika. Jana ndiyo siku yenyewe. Naandika yote kwa mpangilio, ili siku moja ijulikane kwamba wazo lilikuwa sahihi na kosa lilikuwa la jua.

Asubuhi nilipika uji wa ngano wa kubandikia. Mwepesi, hauna hata donge. Kwa nini nilikuwa nahangaika na vitu vya dukani? Kidude ni kigae, lakini mkono ni mlango. Nikakata karatasi ya mforosadi vipande virefu, nikapaka uji, nikauzungushia mkono juu ya kidude, tabaka tatu, maungio yakipishana. Mkono mmoja tu, na brashi mdomoni wakati mwingine. Kazi safi! Mwisho nikachukua maji mdomoni nikayapuliza kama ukungu juu ya karatasi. Ndivyo tunavyofanya. Maji yakikauka, karatasi hujivuta, ikawa kama ngozi ya ngoma.

Simu ilikuwa ikipigapiga kelele zake tangu asubuhi kwa sababu ya chai yangu tamu. Nikaizika kwenye pipa la mchele. Nikajilaza barazani, mkono nje juani, kama mlango wa tano.

Jua la vuli ni zito, linakulalia kifuani kama paka. Nikasikia karatasi ikianza kujivuta, tik, tik. Nikaota. Mama Yeonju alikuwa amekaa pembeni yangu na bakuli la maua, ananiambia mkono huu nao una kishikio, na kishikio kinahitaji maua. Akawa anayapanga. Baridi ya vidole vyake ilikuwa ile ile ya asubuhi za kazi. Akasema, fungua mdomo. Nikafungua. Akaniwekea kitu kitamu mno. Nikamwambia, umechelewa kuja. Akanijibu kwa sauti nzito ya mvuta sigara kwamba nisiongee, nitafune.

Nikafumbua macho. Alikuwa Pyo.

Amepanda kifuani pangu, ananisukumia mdomoni peremende ya kimea, ile ngumu inayouzwa sokoni kwa kugongwa nyundo. Ya tatu, kumbe. Nilijaribu kusema mimi mzima. Meno yalikuwa yamegandamana. Yeye akadhani ndiyo degedege. Akaongeza ya nne.

Kumbe karatasi ilipokauka ilijivuta ikakibana kidude, na kidude kikibanwa kinasema uongo: kinaona sukari imeshuka. Hamsini na tano. Hamsini na moja. Simu ya Yeonju imelia kule Suwon, akanipigia mara kumi na moja, pipa la mchele halikupokea. Akampigia Pyo. Pyo akaruka ukuta kwa miaka sabini na minane kama yangu na miezi saba yake ya ziada, simu akaiacha juu ya meza yake. Akanikuta nimelala barazani, palepale pa Januari, vidole vya mkono wa kushoto rangi ya biringani.

Akaichana karatasi kwa kisu cha mfukoni. Vidole vikapata rangi. Tukakaa tukipumua. Jino langu moja la bandia lilikuwa limebaki kwenye peremende, wima, limeshikwa imara kuliko lilivyowahi kushikwa na fizi. Nililitazama sana lile jino.

Sukari halisi, kwa kuchoma kidole: mia mbili na themanini.

Hakuna aliyekumbuka kumpigia Yeonju.

Alifika jua likiwa juu ya vilima. Hakuzima gari. Alikimbia mpaka katikati ya uwanja akatuona: wazee wawili barazani, mmoja ana mkono wa karatasi iliyochanika, mwingine analia kwa sababu ya goti aliloliumiza ukutani. Akasimama. Akaweka mikono magotini kama mtu aliyepanda mlima.

"Masaa mawili na nusu, Baba," akasema. "Masaa mawili na nusu naendesha, naogopa hata kuitazama simu. Nilishakupangia na nguo ya kukuzikia."

Nikataka kusema neno kuhusu uji wa ngano. Badala yake nikaenda kulizima gari.

Jumatano, 18 Oktoba

Zahanati, watu watatu. Muuguzi Bang amelowesha mabaki ya karatasi kwa maji ya uvuguvugu na kuyabandua polepole, sambamba na ngozi. Mkono mzuri. Angefaa kazi yetu.

Kidude kilikuwepo! Mahali pake, kinafanya kazi. Siku ya nane. Nikamkumbusha Yeonju masharti: alisema kikianguka. Hakijaanguka. Kilichoanguka ni namba. Yeonju akasema gari lina mafuta ya kutosha kurudi nami leo. Nikasema nyumba haina milango. Akanitazama usoni. Alishaelewa ni nani aliyeing'oa na kwa nini. Alinizoea akiwa na miaka minne.

Muuguzi Bang akauliza vile vibandiko vya duara viko wapi. Nikauliza vibandiko gani. Vya kufunikia kidude, akasema, vimo kwenye boksi, vina tundu katikati kwa ajili yake. Kwa ngozi ya uzee ndiyo dawa, na nilikueleza, Mzee Maeng, nawe ukaitikia kwa kichwa mara mbili.

Nikasema dirisha la jiko sasa halipitishi mbu.

Yeonju akageukia ukuta. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Sikujua ni kicheko au ni kile kingine. Nadhani vyote viwili. Kisha akasema, akiutazama ukuta: tutaona kama kitafika siku ya kumi na tano, na mimi nitakaa mpaka milango irudi.

Zahanati haina vibandiko vya ziada mpaka wiki ijayo. Ukingo umeinuka nusu nzima. Mwenye akiba ya vibandiko ni mtu mmoja tu mtaani kwetu.

Nikaenda kwake kwa miguu. Alikuwa amekaa mlangoni, goti limefungwa kitambaa, pakiti mkononi, kama mtu aliyearifiwa.

Nikasema naomba kimoja.

Akasubiri.

Nikawaza ghorofa ya kumi na saba. Nikawaza maua ya uani, yamebakiza siku chache kabla ya jalidi kuyaunguza.

"Kaka," nikasema.

"Sikio hili halisikii vizuri."

"Kaka Pyo. Naomba unisaidie."

Miaka arobaini aliingoja, na ilipofika hakujua aiweke wapi. Alikohoa. Akasema ninyooshe mkono. Kwanza akafuta ngozi, akangoja ikauke, akalaza kibandiko kuanzia katikati kwenda nje, bila pumzi hata moja ya hewa chini yake. Kazi ya fundi. Sikumwambia. Nilimwambia ule ukuta aliuruka kama kijana. Akafurahi.

Alhamisi, 19 Oktoba

Siku ya tisa. Jua kavu, upepo mdogo. Siku ya milango.

Yeonju ameomba ruhusa kazini. Tumelaza fremu juu ya mkeka. Mimi uji, yeye karatasi. Nilidhani amesahau, aliondoka hapa na miaka kumi na tisa. Hajasahau. Anashika karatasi kwa pembe mbili za juu, anaiacha ianguke yenyewe, haivuti. Nikamwambia kushoto kidogo, akaniambia ananiona.

Mchana uliyumba polepole kama kitu kilichoning'inizwa. Paka alipita juu ya karatasi mbichi, na ule mlango sasa una nyayo tatu. Tumeziacha.

Maua ameyachuma yeye. Akayapanga karibu na kishikio, matano, moja limeinama. Sikumwambia mama yake aliliinamisha moja siku zote. Labda aliliona akiwa mdogo, akilala upande huo.

Kisha akachukua bakuli, akajaza maji mdomoni, mashavu yakavimba, akapuliza. Ukungu mwembamba ukasimama juani. Kwa muda wa pumzi moja kulikuwa na upinde mdogo wa rangi kati yake na mlango, na nyuma ya ukungu sikuweza kusema ni binti au ni mama yake.

Nikaenda kuuangalia uji, ambao haukuhitaji kuangaliwa.

Jioni milango minne imekauka. Tumeigonga kwa kidole. Dum, dum. Yeonju akasema, bila kunitazama, kwamba huko kwake usiku kuna ukimya wa aina nyingine. Nikasema najua. Akasema hakikisha hicho kitu hakianguki, Baba. Hakuwa anaamuru.

Jumatano, 25 Oktoba

Siku ya kumi na tano! Saa nne asubuhi kidude kimemaliza muda wake, mkononi, chini ya kibandiko cha kaka Pyo. Kimetolewa kwa heshima, kwa mafuta, polepole. Ngozi haikutoka.

Yeonju amepiga simu. Amesema sawa. Nibaki. Lakini kila kidude ni mkataba mpya: kimoja kimoja, siku kumi na tano kumi na tano, mpaka machipuko. Kikianguka kimoja tu, gari. Nimesema sawa, na sikuwa natafuna chochote.

Asubuhi maua yaliwaka mlangoni. Matano. Nilikaa kitandani mpaka yakazimika.

Ijumaa, 27 Oktoba

Kidude cha tano kimewekwa jana, mkono wa kulia, uliokwisha kupona. Muuguzi Bang amefanya kila kitu mwenyewe na kunitaka niyarudie maneno yake neno kwa neno. Nimeyasema yote. Kwenye boksi vibandiko vitano. Kimoja amekibandika palepale, vinne nimekuja navyo.

Lakini nimetafakari. Kibandiko ni kitu cha Pyo. Mtaa mzima sasa unajua nimemwita kaka. Jana mwenye duka la tofu ameniuliza mdogo wake Pyo hajambo. Mtu aliyebandika nyumba mia nne hawezi kutembea majira yote ya baridi na kiraka cha fundi vigae.

Na lile jino sijalisahau. Wima, ndani ya peremende. Siku kumi na moja liko kwenye sahani na bado halitoki. Miaka yote hii natafuta gundi, na gundi ilikuwa mdomoni mwangu.

Saa sita mchana nimeyeyusha peremende moja ya kimea kwenye kijiko. Rangi ya kaharabu, nzuri, jua linapita ndani yake. Nimekibandua kibandiko. Nimeinua ukingo wa kidude kidogo tu, pande zote, ili peremende ipate njia ya kuingia chini. Nimesubiri ipoe. Imeganda kama kioo. Nimeigonga kwa kidole: hakuna mlio wa uzee.

Yeonju hahitaji kujua mpaka siku ya kumi na tano, nitakapomwonyesha. Vile vibandiko vinne nimevipeleka dirisha la choo.

Kidude kimeanguka saa nane na dakika kumi. Peremende imebaki mkononi.